Dakika 238

Huwa naitazama usiku, sauti nimeipunguza, mlango nimeurudishia. Wenzangu wakinikuta ninalia kwa ajili ya Sangam, picha ya Kihindi ya mwaka 1964, sina la kujitetea. Ina dakika 238 na mapumziko mawili. Hakuna anayesema jambo kwa sentensi moja ikiwa anaweza kulisema kwa wimbo mzima.

Sundar (Raj Kapoor, ambaye pia ndiye mwongozaji) anampenda Radha (Vyjayanthimala). Radha anampenda Gopal (Rajendra Kumar), rafiki wa kufa na kuzikana wa Sundar. Sundar anakwenda kurusha ndege za jeshi, anadhaniwa amekufa, anarudi. Gopal anamwachia Radha, kama mtu anavyompisha mwenzake kiti kwenye daladala. Fungate ni Ulaya, Venice na Paris. Ilikuwa picha ya kwanza ya rangi ya Raj Kapoor na alipania kutuonesha kila rangi aliyoilipia. Halafu inaokotwa barua ya mapenzi isiyo na jina la mwandishi, na nyumba inawaka moto.

Bibi yangu ni mtu wa Unguja. Enzi zake picha za Kihindi zilijaza Majestic na Empire, kukawa na maonyesho ya wanawake peke yao, na nyimbo zake zikavuka hadi kwenye taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi. Bibi hakujua Kihindi. Anasema hakikuhitajika, macho yalitosha.

Nilimwekea Sangam kwenye laptop nikitaka tucheke pamoja. Ilipofika pale Gopal anapomsihi Radha aolewe na Sundar, nikacheka kweli.

“Usicheke, mjukuu wangu,” akasema. “Hapo hawajamuuliza.”

Yeye aliolewa na miaka kumi na sita. Baba yake na ami yake walikubaliana barazani, na habari ilimfikia jikoni. Hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni, yakisimuliwa kama kichekesho cha familia.

Mwishoni Gopal anajipiga risasi ili wenzake wabaki na ndoa yao. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi hafi, kwa hiyo nilishtuka. Bibi hakushtuka.

“Na hilo pia kaamua peke yake.”

Kisha akaniomba nirudishe nyuma, kwenye wimbo wa majini. Sundar yuko juu ya mti, anapuliza zumari la mfuko, anamuuliza Radha anayeogelea kama wataungana. Radha anakataa, anaulizwa tena, anakataa, mpaka anachoka na kusema ndiyo. Ndio wimbo uliopendwa kuliko yote katika picha hiyo. Bibi aliusikiliza akihesabu kwa vidole kila Radha alipokataa.