Front 242: Historia ya Bendi Isiyo na Gitaa

Mwaka 1981, katika mji mdogo wa Aarschot nchini Ubelgiji, Daniel Bressanutti na Dirk Bergen waliunda bendi isiyo na mpiga gitaa wala mpiga ngoma. Mtaji wao ulikuwa sinthesaiza na mashine za midundo. Santuri yao ya kwanza, Principles, ilitoka mwaka huohuo. Mwaka 1982 waliungana na Patrick Codenys na mwimbaji Jean-Luc De Meyer, wakatoa albamu ya Geography. Ina akili nyingi, lakini haimwinui mtu kitini.

Aliyeleta jasho ni Richard Jonckheere, maarufu kama Richard 23. Alipiga ngoma za umeme, akaruka jukwaa zima, akaitikia sauti nzito ya De Meyer. Bergen aliacha kupiga muziki akasimamia shughuli za bendi. Katika rekodi ya No Comment ya 1984 waliupa mtindo wao jina ambalo mashabiki hulifupisha EBM, muziki wa kielektroniki wa mwili. Mwaka huo walizunguka Marekani na bendi ya Ministry, na kampuni ya muziki ya Wax Trax! ya Chicago ikawa mlango wao huko.

Ila kilichowageuza kabisa ni sampula, mashine inayonasa sauti yoyote na kuipiga kwa kinanda. Sikiliza wimbo wa Welcome to Paradise, katika albamu ya Front by Front ya 1988. Mahubiri ya televisheni ya Marekani yamekatwa vipande na kurudiwarudiwa hadi sauti ya mhubiri inageuka ngoma, na woga wa maneno yale unaingia miguuni kabla hujaufikiria. Ndani ya albamu hiyo kuna pia wimbo wa Headhunter, ambao video yake ya mayai iliongozwa na Anton Corbijn. Besi yake ni kavu, kila mlio una nafasi yake, hakuna kilichowekwa kujaza pengo. Kwangu mimi hapo ndipo walipofika kileleni.

Albamu ya Tyranny (For You) ya 1991 ilitolewa Marekani na kampuni kubwa ya Epic, ikiwa na sauti nzito na giza zaidi. Mwaka 1993 zikafuatana albamu mbili zenye majina ya tarakimu, 06:21:03:11 Up Evil na 05:22:09:12 Off. Katika Off De Meyer karibu hasikiki; anaimba mwanamke, 99 Kowalski, juu ya kelele zilizokatwakatwa. Naitetea albamu hiyo kwa moyo wote: bendi iliyokuwa na fomula inayouza ilikubali kuivunja.

Baadaye kasi ya studio ilipungua. Re:Boot ya 1998, iliyorekodiwa jukwaani, ilizivalisha nyimbo za zamani midundo ya tekno. Pulse ya 2003 ikawa albamu yao ya mwisho ya studio, lakini maonyesho yaliendelea kwa zaidi ya miaka 20, hadi walipowaaga mashabiki mjini Brussels, katika ukumbi wa Ancienne Belgique, Januari 2025.