Blade Runner ya 1997: Gemu Iliyokataa Kuisimulia Upya Filamu

Semina yetu ilihusu kazi za sanaa zinazohamishwa kutoka utanzu mmoja kwenda mwingine, na kila mwanafunzi alitakiwa alete mfano wake. Wenzangu wakaleta riwaya zilizogeuzwa tamthilia na tamthilia zilizogeuzwa filamu. Mimi nikasema nitaleta gemu ya kompyuta. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, ila aliniuliza swali moja lililonikwama kooni: "Sasa, baada ya miaka yote hiyo, nani bado anaicheza, na anatafuta nini humo?" Siku ile nilibabaika tu. Makala hii ni jibu langu, limechelewa.

Kwanza niwakubalie waliocheka. Gemu zinazotokana na filamu zina jina baya, na wala hazikusingiziwa. Mwaka 1982 Atari walitoa gemu ya E.T., na mtunzi wake, Howard Scott Warshaw, alipewa kama wiki 5 tu kuimaliza ili iwahi Krismasi. Nakala nyingi zilidoda, nyingine zikafukiwa jangwani huko Alamogordo, New Mexico, na mwaka 2014 watu wakaenda kuzichimbua. Gemu nyingi za aina hii zina ugonjwa mmoja: mchezaji anakabidhiwa mhusika mkuu, kisha anaambiwa arudie yale aliyokwisha kuyaona sinema. Ni sawa na kukaa mbele ya msimuliaji anayejua kwamba mwisho wa hadithi unaujua, na bado anataka ushangae.

Blade Runner, iliyotengenezwa na Westwood Studios wa Las Vegas na kutolewa mwaka 1997, ilipita njia nyingine kabisa. Msomaji atakumbuka kwamba filamu yenyewe, ya Ridley Scott, ilitoka mwaka 1982, nayo ilitokana na riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968. Kisa chake kinatokea Los Angeles, Novemba 2019. Deckard, askari, anawinda replikanti, yaani watu wa kutengenezwa wanaofanana na binadamu kwa kila hali. Watunzi wa gemu waliuchukua mji uleule na mwezi uleule, kisha wakamweka Deckard kando. Tunasikia akitajwa tu. Baadhi ya wahusika wa filamu tunakutana nao, tena kwa sauti za waigizaji wao wa awali: Sean Young ni Rachael, Brion James ni Leon, Joe Turkel ni Tyrell. Lakini tunayemfuata sisi ni kijana mgeni kazini, Ray McCoy, na kesi yake ya kwanza ni ya wanyama waliouawa katika duka la mtu anayeitwa Runciter.

Wanyama! Aliyeiona filamu tu anaweza kudhani hili ni jambo dogo. Katika riwaya ya Dick wanyama halisi wamekuwa adimu, na namna mtu anavyomhurumia mnyama ndiyo inayoonyesha kama yeye ni mtu kweli. Filamu iligusa dhamira hiyo ikapita. Gemu imeiweka mlangoni kabisa, mahali ambapo mchezaji hawezi kuiruka. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba katika hili gemu iko karibu na riwaya kuliko filamu ilivyo, ingawa najua kuna watakaonirukia.

Lakini nguvu yake kubwa iko kwingine. Kila unapoanza upya, kompyuta inaamua kimyakimya ni nani kati ya baadhi ya wahusika ni binadamu na nani ni replikanti. Clovis, kiongozi wa waasi, ni replikanti siku zote; uti wa mgongo wa kisa haubadiliki. Ila Dektora, mcheza dansi, anaweza kuwa huku au kule. Gordo mchekeshaji vilevile. Na Lucy, binti wa miaka 14 aliyekuwa akifanya kazi dukani kwa Runciter, vilevile.

Hapo ndipo pana kisa changu. Nilicheza usiku mmoja bwenini, mwenzangu wa chumbani akiwa ameegemea begani kwangu akitoa ushauri ambao sikuuomba. Nilikwisha kujiridhisha kwamba Lucy ni replikanti, kwa ushahidi ambao, nikisema kweli, ulikuwa wa mashaka mashaka. Binti akakimbia, nami bastola ninayo mkononi. Gemu haikuniuliza kitu. Hakuna maandishi yaliyotokea kwenye kioo kunitaka nichague kuua au kusamehe. Nikafyatua. Nikajisifu hata.

Kesho yake mwenzangu akaanza mchezo wake mwanzo, akaufuta ule wangu ili apate nafasi. Yeye ni mtu wa taratibu. Akampima Lucy kwa mashine ya Voigt-Kampff, ile ya kuuliza maswali na kutazama jicho, na mashine ikasema: binadamu. Tukatazamana. Kwake Lucy ni binadamu. Je, yule wa kwangu? Inawezekana kabisa nilikuwa sahihi. Inawezekana pia niliua mtoto. Mchezo wangu umefutwa, na hakuna popote pa kwenda kuuliza.

Tunaosoma fasihi simulizi tunakariri kila mwaka kwamba hadithi huzaliwa upya kila fanani anaposimama mbele ya hadhira, kwamba hakuna masimulizi mawili yanayolingana. Mimi nilikuwa nikiyaandika hayo kwenye mtihani nipate alama zangu, basi. Usiku ule ndipo nilipoyaelewa, tena kwa aibu. Filamu ina swali ambalo mashabiki wanabishania hadi leo: Deckard mwenyewe ni mtu au siyo? Ukiwa mtazamaji unalijadili umekaa kitini. Gemu imelitoa swali hilo kwenye mdomo wa mtazamaji ikalitia kwenye kidole chake.

Tusiipambe mno lakini. Wahusika wameundwa kwa vokseli, vijitofali vidogo vya rangi, na ukiwakaribia utadhani wamechongwa kwa panga butu. Wakati mwingine unazunguka mji mzima hujui ufanye nini. Mandhari, hata hivyo, hayajachakaa: mvua, moshi, taa za matangazo, na muziki wa Vangelis ambao Frank Klepacki aliupiga upya kwa kuusikiliza. Yote hayo yalijaa sidii 4.

Limebaki suala la mswada. Electronic Arts waliinunua Westwood mwaka 1998, wakaifunga mwaka 2003, na katika kuhamisha ofisi maandishi ya programu ya gemu yakapotea. Kompyuta mpya zikaikataa. Waliookoa jahazi ni wapenzi wa kujitolea wa mradi wa ScummVM, walioifumua gemu kwa miaka mingi ili wajue ilivyoshonwa. Ilikuja kuchezeka tena mwaka 2019, mwaka uleule ambamo kisa kinatokea. Mwaka 2022 Nightdive Studios walitoa toleo "lililoboreshwa", likalalamikiwa sana kwa kuzilainisha picha hadi zikapoteza ukungu wake, na toleo la zamani likarudishwa sokoni. Wahariri wa mashairi ya kale wanaujua ugomvi huu vizuri: anayesafisha maandishi hufuta nini?

Jana usiku mwenzangu kaanza tena, mara ya nne sasa. Amefika dukani kwa Runciter, wanyama wamelala sakafuni, na kati yetu wawili hakuna anayejua safari hii Lucy ni nani.