John McLendon na Kasi ya Mchezo: Ukocha wa Chuo katika Enzi ya Ubaguzi wa Rangi Marekani

Historia ya mpira wa kikapu wa vyuo nchini Marekani imeandikwa kwa muda mrefu kwa kufuata rekodi za vyuo vikuu vya Wazungu. Mkabala huo unawaacha kando makocha wa vyuo vya Wamarekani Weusi, ambao sheria na desturi za ubaguzi ziliwazuia kushindana na wenzao. Mfano ulio wazi ni John B. McLendon (1915–1999). Hoja kuu ya insha hii ni kwamba ubaguzi ulichelewesha heshima yake, lakini haukuzuia maarifa yake kuenea.

McLendon alizaliwa Hiawatha, jimboni Kansas. Aliposoma elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Kansas, mlezi wake wa masomo alikuwa James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891. Hata hivyo, timu ya chuo haikuwapokea wachezaji Weusi. Hivyo, kijana huyo aliujifunza mchezo kutoka kwa mwasisi wake bila kuruhusiwa kuuchezea chuo chake. Alihitimu mwaka 1936.

Mwaka 1940 alikuwa kocha mkuu wa Chuo cha North Carolina cha Weusi, mjini Durham. Wakati huo timu nyingi zilicheza polepole, zikipasiana mpira hadi nafasi ya kufunga ipatikane. McLendon aliwafundisha vijana wake kukimbia mara wapatapo mpira na kuwabana wapinzani uwanja mzima. Mtindo huo ulidai pumzi, na kwa sababu hiyo mazoezi ya stamina yakawa msingi wa ufundishaji wake.

Kipimo cha mtindo huo kilipatikana kwa siri. Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944, wakati watu wengi mjini walipokuwa kanisani, timu ya Wazungu kutoka shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke iliingia katika ukumbi wa chuo cha McLendon. Milango ilifungwa na watazamaji hawakuruhusiwa. Wenyeji walishinda kwa pointi 88 kwa 44. Kisha wachezaji walichanganyika, wakaunda timu mpya na kucheza tena. Mwandishi wa habari aliyepata fununu alikubali kunyamaza, kwa kuwa kuandika kungewahatarisha wahusika. Umma haukuzisoma habari hizo hadi mwaka 1996. Tukio hili linadhihirisha kwamba ukimya wa nyaraka si ushahidi kuwa jambo halikutendeka.

McLendon hakusubiri milango ifunguliwe. Mwaka 1946 alishiriki kuanzisha mashindano ya shirikisho la CIAA, lililounganisha vyuo vya Weusi. Vilevile, alidai vyuo hivyo vikubaliwe katika mashindano ya kitaifa. Shirikisho la NAIA lilipofungua nafasi, timu yake ya Tennessee A&I ilitwaa ubingwa mwaka 1957, 1958 na 1959. Hapakuwa na kocha wa chuo aliyewahi kutwaa ubingwa wa kitaifa mara tatu mfululizo kabla yake.

Mwaka 1966 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Cleveland State, akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika chuo kikuu chenye Wazungu wengi. Ajira hiyo ilikuja miaka saba baada ya ubingwa wa tatu.

Ucheleweshaji huo ulijirudia katika kumbukumbu rasmi. Mwaka 1979 Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu ulimwingiza McLendon kama mchangiaji wa mchezo, si kama kocha. Alitambuliwa kwa ukocha wenyewe mwaka 2016, miaka 17 baada ya kifo chake. Kwa hiyo, mtafiti anayetegemea orodha za tuzo pekee atamkuta McLendon akiwa amechelewa kufika, ilhali kasi aliyoifundisha Durham ilikwisha kuwa sehemu ya kawaida ya mchezo.