Sifa ya Tambuu na Madhara ya Popoo

Neno uraibu lina historia ya kufunza. Watu wa pwani hapo zamani, na kamusi za nusu ya kwanza ya karne ya 20, walilitumia kwa maana ya vitu vinavyotafunwa pamoja: jani la tambuu, vipande vya popoo, chokaa, na pengine katu au tumbaku. Leo neno hilo hilo hutajwa zaidi kwa hali ya mtu aliyeshikwa na kileo au dawa za kulevya hata asiweze kujinasua. Lakini uraibu wa kwanza, ule wa tambuu, ulisifiwa kwa zaidi ya miaka elfu kuwa dawa ya kinywa na ya tumbo. Basi yafaa kuuliza: je, waliousifu walikosea, au sifa yao ilikuwa ya kitu kimoja na madhara ni ya kingine?

Mtambuu ni mmea utambaao, wa jamaa moja na pilipili manga, na kinachotakiwa kwake ni jani. Popoo ni kokwa ya mpopoo, nao ni mti wa jamaa ya mnazi. Mimea hii miwili haina udugu; iliyoiunganisha ni desturi ya watu wa Asia ya kusini na mashariki. Majina yenyewe yaonyesha njia iliyopitiwa. Tambuu ni tāmbūla ya Kisanskriti, iliyopita kwa Waajemi na Waarabu ikaitwa tanbul. Na popoo ni fufal ya Waarabu, ambayo asili yake nayo ni Bara Hindi. Yaliletwa na pepo zile zile za kaskazi zilizoleta majahazi.

Sifa ya jani ni kongwe. Kitabu cha tiba cha Sushruta, kimoja cha misingi ya uganga wa Kihindi, chausia kutafuna tambuu baada ya chakula pamoja na viungo kama karafuu na kafuri, ili kinywa kisafike na kinukie. Ibn Battuta, aliyeuona mtambuu huko Dhofar katika Oman, aeleza jinsi ulivyokuzwa juu ya chanja za matete au kando ya minazi, na jinsi mgeni aliyepewa majani matano alivyohesabu kuwa ametunukiwa dunia, hasa kama mpaji ni mtawala. Kisha ataja faida zake: hulainisha harufu ya pumzi, husaga chakula tumboni, na huzuia madhara ya kunywa maji kabla ya kula.

Msafiri huyo huyo alifika Mogadishu mwaka 1331. Kabla hajakutana na sultani aliletewa sahani ya tambuu na popoo; akapewa majani kumi na popoo kidogo, kadhi naye akapewa kadiri hiyo, na yaliyobaki wakagawiwa wenziwe na wanafunzi wa kadhi. Halafu wakamiminiwa marashi ya Dameski. Kwa hiyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki tambuu ilikuwa lugha ya heshima karibu miaka 170 kabla ya Vasco da Gama kufika Calicut, mwaka 1498, na kumkuta mfalme wa mji huo akitafuna tambuu, chombo cha dhahabu cha kutemea kikiwa kando yake.

Elimu ya leo haikulidharau jani. Ndani yake mna mafuta yenye harufu kali, pamoja na yujenoli, ambayo pia ndiyo asili ya ukali wa karafuu, na hidroksikavikoli. Katika maabara vitu hivi vimeonekana kuua vijidudu vya kinywani. Waliosema kwamba jani huondoa harufu mbaya walisema kweli, ingawa yatendekayo katika chupa ya maabara hayatoshi kuwa ushahidi wa kutibu maradhi ndani ya mwili.

Ama popoo ina habari nyingine. Ndani yake mna arekolini, ambayo huamsha mishipa ya fahamu, hutia joto na jasho, na kumchangamsha mtafunaji. Chokaa huifungua arekolini hiyo ipenye upesi katika nyama ya kinywa. Hapo ndipo raha ilipo, na hapo ndipo mtu hukamatwa. Kwa miaka, popoo huufanya utando wa ndani ya mashavu ujengeke nyuzi ngumu. Kinywa hukakamaa, hata mgonjwa akashindwa kukifunua apate kula. Wengine ugonjwa huo huwageukia kuwa saratani.

Afrika ya Mashariki ina mahali pake katika ugunduzi huu. Mwaka 1952 Schwartz alieleza hali hiyo aliyoiona kwa wanawake watano Wahindi wa Kenya. Mwaka uliofuata Joshi akaieleza huko India. Katika mwaka 1985 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba tambuu itafunwayo na tumbaku huleta saratani kwa binadamu. Wengi wakajifariji kwamba mkosa ni tumbaku peke yake. Faraja hiyo ilikoma mwaka 2004, shirika hilo lilipochapisha hukumu kwamba hata mchanganyiko usio na tumbaku, na popoo yenyewe, huleta saratani.

Ushahidi mwingine umetoka sokoni. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya India vimeuza popoo iliyokaushwa ikachanganywa na chokaa na katu, pengine na tumbaku, katika vipakiti vidogo. Jani halimo. Lililosifiwa na matabibu limetupwa, na wanunuzi hawakupungua. Yaonekana wazi kwamba kilichomshika mtafunaji hakikuwa jani.

Basi watu wa kale hawakusema uongo. Walipima kwa kipimo walichokuwa nacho: pumzi iliyonukia, tumbo lililotulia, mgeni aliyefurahi. Hayo yote huonekana kwa saa moja. Maradhi ya popoo huja baada ya miaka mingi, na nani angeyahusisha na sahani ya heshima? Jani lilikuwa likifunika kokwa kinywani, na sifa yake ikaifunika vile vile katika vitabu. Anayependa kuihifadhi desturi ya pwani anaweza kulitandaza jani sinia kwa karafuu na iliki, karibu na alivyousia Sushruta. Lakini atakayeitetea popoo kwa sifa ya tambuu atakuwa anatumia ushahidi wa jirani asiye na hatia.