Kauli Hii Ina Kazi Gani?

Ndugu msomaji, mwanafunzi wa mantiki hufundishwa mapema kwamba kila kauli ina kazi yake katika hoja: moja ni dai, nyingine ni dalili ya kulithibitisha. Na kauli yaweza kuwa kweli tupu, wala isiwe dalili ya lile linalodaiwa.

Ewe uliye Nambilanje, mfano hauko mbali nawe, uko Nachingwea. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilimtuma John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, achunguze kama karanga zaweza kulimwa huku kwa mashine. Mpango uliotangazwa mwaka 1947 ulikuwa wa ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa, upande wa Dodoma, kisha ikafika Urambo na Nachingwea.

Tuzipange kauli zao. Dai lilikuwa hili: karanga zitastawi huko kwa wingi.

Kauli ya kwanza: Uingereza ina upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita. Ni kweli, lakini hiyo ni haja, si dalili. Njaa ya mkulima haioteshi mbegu.

Kauli ya pili: nchi ile ina watu wachache. Nayo ni kweli, na yafaa kuwa dalili kwamba pana nafasi ya mashamba makubwa. Juu ya mvua na udongo haisemi kitu. Bali mwenye kuuliza, "Mbona watu hawakukaa hapa?" angejibiwa kuwa maji ni haba na mbung'o wapo. Kauli ile ile ingegeuka onyo.

Dalili yenyewe, yaani kupima mvua na udongo kwa miaka kadhaa, haikungojwa. Kongwa udongo ulikauka ukawa kama tofali, na majembe ya mashine yakalika upesi. Januari 1951 mpango uliachwa, na takriban pauni milioni 36 zikapotea. Hata reli iliyojengwa hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga ilifungwa katika miaka ya 1960.

Basi, msomaji, mtu akija kijijini na mradi, uwe wa ufuta au wa madini, msikilize kwa adabu. Kisha twaa kila kauli yake uitangulizie neno "kwa sababu", utazame kama dai lasimama juu yake. Iliyo haja yake au sifa yake, iweke kando. Usimwite mwongo, kwani huenda yote aliyoyasema ni kweli. Mwambie tu: "Bwana, dalili bado hujaileta."