Mwanamke katika michoro ya kuta, Dar es Salaam

Mwanamke katika michoro ya kuta ni taswira ya kike inayochorwa kwenye kuta, milango na vibao vya biashara jijini Dar es Salaam, kuanzia Feri hadi Kariakoo na vitongojini.

Aina kongwe ni ya saluni. Fundi hupaka rangi ya mafuta kwa brashi, akichora sura ya mwanamke kwa upande ili msuko uonekane: twende kilioni, yeboyebo, vitunguu au mabutu. Shingo huwa ndefu, midomo myekundu, hereni kubwa. Mchoro huo ndio orodha ya huduma; mteja hunyoosha kidole tu. Kwenye vibanda vya mama lishe, mwanamke huonekana na sufuria au sahani ya wali.

Grafiti ya rangi ya kupuliza ilikuja baadaye, ikihusishwa na kundi la wachoraji la Wachata, ambalo jina lake latokana na "chata", yaani alama au saini ya mtaani. Kituo cha sanaa cha Nafasi, Mikocheni, kilichoanza 2008, hulea wachoraji wa kizazi hiki cha grafiti.

Siku hizi mabango ya plastiki yenye picha zilizochapwa kwa kompyuta yamepunguza kazi ya brashi.