Namna Kichujio cha Kisasa Kinavyozuia Mionzi ya Jua

Kwa mtu mwenye ualbino, chupa ya mafuta ya kujikinga na jua si kipodozi. Ngozi yake ina melanini kidogo mno au haina kabisa, na melanini ndiyo ngao ya asili inayofyonza mionzi ya jua kabla haijaharibu vinasaba vya seli. Pasipo ngao hiyo, kazi hulazimika kufanywa na kofia pana, nguo za mikono mirefu, kivuli na mafuta yenye vichujio. Mjini Moshi, mafuta ya aina hiyo yaitwayo Kilisun hutengenezwa katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, mahsusi kwa ajili ya kundi hilo.

Mionzi inayohusika ni ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Inayofika ardhini ni ya aina mbili: UVB, ambayo huunguza ngozi, na UVA, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 315 hadi 400, ambayo hupenya ndani zaidi ya ngozi na hupita hata kwenye kioo cha dirisha. Zote huchangia saratani ya ngozi. Vichujio vingi vya zamani vililenga zaidi UVB. Matokeo yake, mtumiaji aliweza kukaa juani kwa saa nyingi bila kuungua huku UVA ikiendelea kumdhuru, na hiyo ni hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa maumivu ya kuungua ndiyo humkumbusha mtu kutafuta kivuli.

Bemotrizinoli, inayotumika barani Ulaya tangu mwaka 2000, ni mfano wa vichujio vya kizazi kipya. Hufyonza UVB na UVA kwa pamoja, ikiwa na nguvu zaidi karibu na nanomita 310 na 340. Katikati ya molekuli yake kuna pete yenye atomi tatu za kaboni na tatu za naitrojeni. Pembeni yake, atomi ya haidrojeni imeshikwa na oksijeni, ikiwa jirani kabisa na naitrojeni. Mwanga unapofyonzwa, haidrojeni hiyo huhama kutoka kwenye oksijeni kwenda kwenye naitrojeni. Nishati hugeuka joto dogo lisilohisika, kisha haidrojeni hurejea mahali pake. Mzunguko huo wote huchukua chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde, na molekuli hubaki nzima, tayari kupokea miale mingine.

Si vichujio vyote vyenye uthabiti huo. Avobenzoni, kichujio maarufu cha UVA, huvunjika polepole kwenye jua isipolindwa na viambato vingine, na bemotrizinoli ni mojawapo ya viambato vinavyoilinda. Aidha, molekuli ya bemotrizinoli ni kubwa, hivyo hupenya ngozi kwa shida.

Neno "kemikali" huwatia baadhi ya watumiaji hofu, wakaamini kwamba vichujio vya madini, yaani oksidi ya zinki na dioksidi ya titani, hufanya kazi kama kioo kinachorudisha mwanga. Kwa kiasi kikubwa, madini hayo nayo hufyonza mionzi. Sehemu inayorudishwa ni ndogo.

Namba ya SPF huonesha kinga dhidi ya kuungua. SPF 30 huruhusu takriban sehemu moja kati ya 30 ya mionzi inayounguza kupita, lakini kipimo hicho hufanyika maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Watumiaji wengi hupaka nusu yake au pungufu, hivyo kinga wanayoipata haifikii namba iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa bidhaa za Ulaya, herufi UVA ndani ya duara huonesha kuwa aina hiyo ya mionzi nayo imezingatiwa.

Mafuta hupakwa kabla ya kutoka nje na kurudiwa kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi baada ya kuoga au kutoka jasho. Kichujio chenyewe huwa hakijaisha nguvu; tabaka lake ndilo huwa limefutika masikioni, shingoni na mgongoni mwa mikono, sehemu ambazo hata mpakaji makini huzisahau.